Nyumba ya Paa Bapa Haijaambiwa

Ni mwaka mmoja sasa, Baba yetu Jotham Shivachi, tangu ulipoweka randa chini kule Kawangware ukasema unapumzika kidogo tu.

Hapa Silanga tulikujua kwa kikohozi chako na vumbi la mvule kwenye nyusi. Uliwachongea watoto wa jirani pia za kuchezea, huku ukiwakemea. Lakini moyo wako ulikuwa kwenye ile nyumba ya paa bapa ya Kawangware, ambamo ulimtengenezea kila samani msanifu aliyeichora na kuishi humo: benchi inayofuata dirisha, kabati zilizoshikana na ukuta, meza iliyopinda pale ukuta unapopinda. Msanifu aliporudi kwao, ulibaki kuitunza. Aliyeinunua, Bwana Muia, kila alipotaja vigae na sofa mpya ulimwambia, "Ukitoa hiyo meza umeng'oa mtu jino."

Ulipofariki tulijua nyumba nayo imekwisha. Muia alileta vibarua wabomoe. Walitoka mbio kabla ya chai.

"Mzee ako huko ndani anapiga randa," walisema.

Muia aliingia mwenyewe, akasikia, akafunga mlango. Bado anaogopa kuwarudisha.

Kwetu, mwenye nyumba akifa, kile kijiti kinachosimama kwenye kilele cha paa huvunjwa, nyumba nayo ijue. Cha nyumba yako ya Kakamega kilivunjwa siku ya mazishi. Ya Kawangware haina kilele. Ndugu yako Luvembe akamwambia Mama, "Mama Sella, enda uiambie hiyo nyumba kwa mdomo. Ndio mzee apumzike."

Mama alienda. Akaketi kwenye benchi yako, na mbao ilikuwa na joto kama mtu ameinuka sasa hivi. Akafungua mdomo aseme. Ndipo akafikiria nyundo za wale vibarua, na meza yako ikipasuliwa kuni. Alipangusa vumbi kwa leso, akatoka bila kusema neno.

"Ikijua umeenda, itabomolewa," anakuambia kila jioni akifunga mlango wetu hapa Silanga. "Wacha idhani uko kazini."

Utusamehe, Baba. Tunataka upumzike, na tunaogopa ukipumzika.

Unakumbukwa na mkeo Mideva, binti yako Sella, wajukuu, ndugu yako Luvembe na majirani wote wa Silanga.

Hatutakusahau kamwe. Kazi njema, Fundi.