Ujumbe Uliopigwa Pasi

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Nyuma ya ghala la saruji.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kidomo,

Amani ya Mungu ikae nawe hapo ulipo, ikutangulie kazini na ikurudishe salama. Hujambo? Mgongo je, bado unakusumbua ukisimama zamu nzima? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Mama anakula vizuri. Magoti ndiyo yanamgomea kwenye ngazi, na macho yamezidi kuingia ukungu. Pacha wangu wamerefuka mpaka suruali zimekuwa kaptura.

Najua utashangaa kupata barua ya kalamu zama hizi. Nimeona heri niandike kwa mkono, maana nikikupigia uko zamu, na nikikuandikia kwenye simu siku hizi sijui anayenijibu ni nani.

Unanijua, mimi na vyombo hivi hatujawahi kuaminiana. Msimamizi wetu pale hospitali, kwenye chumba cha kufulia, amenunua saa inayomwambia kama amelala vizuri. Asubuhi anaingia macho mekundu, miayo haikatiki, ukimuuliza anatazama mkono kwanza ndipo anakujibu kwamba amelala vizuri. Na juzi nilizungumza na mwenzangu habari za viatu vya kusimamia kazini, simu imo mfukoni mwa aproni, haisemi kitu. Jioni naifungua, viatu vimejipanga humo kama wageni wa harusi. Sasa tukiwa na jambo la familia naifunika kwa sufuria. Cheka tu.

Lakini hilo si lililonikalisha kuandika. Ni ujumbe wako wa kila Jumapili. Zamani ulikuwa unaandika maneno matatu, mawili yamekosewa, na moja ni la kumchokoza mama. Tangu ulipobadilisha simu naletewa aya nzima. "Natumaini mnaendelea vyema. Afya ya mama ni jambo muhimu sana kwangu." Kidomo, mimi napiga pasi mashuka mia mbili kwa siku, nalijua shuka ambalo halijawahi kulaliwa. Maneno yako hayana kunjo hata moja.

Nikaupeleka ujumbe wako kwa fundi wa simu aliye karibu na duka la dawa. Akasoma, akacheka kidogo.

"Mama Pacha, ndugu yako ameiwasha simu imjibie. Inasoma ulichoandika, inatunga jibu, inatuma."

"Na yeye anasoma?"

"Akipenda."

Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Hata hivyo fundi naye simwamini sana. Aliwahi kuniambia simu yangu imekufa, kumbe tundu la chaji limejaa vumbi la sabuni. Basi nikaamua kupima mwenyewe.

Jumanne nikakuandikia kwamba Shangazi Mkubwa anakusalimu na anauliza utakuja lini. Shangazi yule yule aliyetulea, ambaye jeneza lake ulilibeba mwenyewe, bega la kushoto, miaka mitatu iliyopita. Sijarudisha simu mfukoni, jibu limefika: "Nimefurahi sana kusikia kutoka kwa shangazi. Mfikishie salamu zangu za dhati. Natarajia kumwona hivi karibuni."

Nilikaa juu ya tenga la mashuka machafu. Nikasema, Mungu apishe mbali, usimwone hivi karibuni. Kisha nikatubu, kwa sababu nilisema uongo kwa jina la marehemu. Lakini nilijua.

Sasa nikuambie na langu, maana ukimnyooshea mwenzio kidole, vingine vinakutazama wewe. Jumapili moja nilimsomea mama ile aya ndefu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ndiyo hayo tu? Hajanitania?" Nikamwona alivyonyong'onyea. Nikaitazama simu kama naendelea kusoma, nikasema, "Anauliza, yale meno yako mawili bado yanaishi kwa amani, au moja limeshahama?" Mama alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda. Akajibu, "Mwambie kichwa chake kama boga hakijahama pia."

Tangu siku hiyo natunga. Ni Jumapili ya saba leo. Wewe hukuyasema hayo, na majibu ya mama sijui kama uliyasoma. Leo tena nimetunga. Mama akamwambia jirani yetu mshonaji, "Wengine wakienda mbali wanasahau mama zao. Wangu hajabadilika." Kisha akakuombea dua, jina lako kamili, ameushika mkono wangu. Nikaitikia amina. Amina ile imenichoma ndugu yangu, ndiyo maana sikungoja kesho kushika kalamu. Nimekaa miezi naishuku simu yako, kumbe na mimi kwa mama nimekuwa simu.

Sikuhukumu. Kazi za zamu nazijua, mtu anarudi hana hata nguvu ya kuvua soksi. Kama umechoka, sema umechoka, hilo nalo ni neno lako na mama atalipokea. Lakini mimi sitakuwa wewe tena. Mama anayaamini macho yangu kwa sababu yake hayaoni, na ninamwogopa Mungu.

Barua hii itakaa njiani wiki mbili. Jumapili hizo mbili nitamwambia mama kwamba uko kazini, na hilo si uongo. Ya tatu atakaa kitandani kunisubiri. Ukileta maneno yako, hata matatu, hata yote yamekosewa, nitayasoma. Ikija ile iliyopigwa pasi, nitaisoma kama ilivyo bila kuongeza kitu, na mama ataniuliza hii imetoka kwa nani. Nitamjibu kweli.

Msalimie wifi yangu na mtoto, mwambie soksi za sufu zimefika na zimemtosha mama. Pacha wanakusalimu, jirani mshonaji pia. Mama hajui kwamba nimekuandikia, lakini dua yake unayo. Mwenyezi Mungu akulinde, akupe riziki ya halali na usingizi usiohitaji kupimwa na saa.

Dada yako akupendaye, kwa mkono wake mwenyewe,

Mama Pacha