Ishara ya Kichwa

Jumanne, tarehe tisa

Dada,

Sisi wazima, na mwanao mdogo ameota jino. Leo nilikwenda kanisani kusikiliza ule muziki wa bure wa mchana, piano na fidla mbili, ambao shemeji yako haukosi. Kumbe hasikilizi tu: anamfungulia mpiga piano kurasa za kitabu chake cha nota. Mwanamke yule akiinamisha kichwa kidogo tu, mume wangu ameshafungua. Mimi nyumbani humwita mpaka sauti inanikauka.

Jioni, mezani, nikaona nami nijaribu. Nikamtazama, nikainamisha kichwa kuelekea chumvi.

“Mama watoto,” akasema, “shingo inakuuma?”

Nikamjibu ndiyo, Dada. Inaniuma tangu mchana.

Mdogo wako, anayekungoja uje umwone huyo mpiga piano kwa macho yako