Mfereji Namba Nne

Maabara ya Maji,
S.L.P. 47.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Chapchap,

Hujambo? Wifi na mapacha hawajambo? Huku tu wazima, ila goti la baba linamsumbua asubuhi. Barua yako ya mwisho ina miezi minne. Sijui nani alikupa jina hilo la Chapchap.

Kazini hatupumui. Ziwa limegeuka kijani tangu mwezi jana, maji ya bomba yananuka hata yakichemshwa, na samaki wanaelea wamekufa karibu na mtambo. Chanzo si siri. Mvua inasomba mbolea ya mashambani hadi ziwani, mwani unashiba na kuota kupita kiasi, kisha unaoza na kumaliza hewa majini. Mimi nilitumwa kutafuta inakoingilia.

Nilichota maji kwenye mifereji saba, chupa mbili mbili, kila baada ya mvua. Sita ilikuwa na kiasi cha kuvumilika. Namba nne peke yake ilizidi hiyo sita kwa pamoja. Nikarudia kupima, kisha nikampa mwenzangu apime bila kumwambia ni mfereji upi. Jibu likawa lile lile.

Namba nne ndio wetu, ule tuliokuwa tukioga tukitoka shule. Nimeandika ripoti kama ilivyo, na roho iliniuma, sikufichi.

Baba unamjua. Akiona wingu tu anamwaga mbolea, eti mvua iisukume chini, na analima mpaka jembe linagusa maji. Nilimweleza kwamba analisha ziwa, mahindi yanaambulia harufu. Akaninunia siku tatu.

"Shamba hilo ndilo lililokusomesha," alisema, "leo unakuja kulipima?"



Siku ya nne alinifuata jikoni, akauliza, "Unataka hatua ngapi?"

Nikamwambia kumi kutoka ukingoni, paachwe majani tu ya kuzuia mbolea. Tukaenda. Akahesabu mwenyewe kwa sauti, na kwenye ya kumi akachomeka kijiti. Nikatandaza futi kamba: mita sita. Unakumbuka hatua ya baba ilivyokuwa? Tulikuwa tunakimbia ili tusiachwe. Baba amezeeka, Chapchap, na hakuna aliyekuandikia.

Kanuni inataka mita kumi. Nimeandika sita. Aliiona ile kamba, akageukia shamba.

"Zilizobaki atapima Chapchap," akasema. "Yeye bado ana miguu."

Tangu hapo hataki mtu mwingine aziguse, hata mimi. Mwezi ujao tunapanda, na ukingo usipotengwa kabla ya hapo, atalima tena mpaka majini.

Msalimie wifi, wabusu mapacha, na shangazi mwambie dawa yake nimeipata. Mungu awafunike nyote.

Kijiti cha pili ninacho hapa mezani. Njoo ukichomeke, baba angali anaweza kusimama akuhesabie.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata usipojibu.