Khanum Akialikwa Mara ya Tatu

Bawshar, Maskat
9 Januari 2025

Mdogo wangu Thani,

Assalam alaikum. Natumai wewe na mkeo Rahaf mu wazima huko Mbweni, na joto la Unguja halijawatoa nje usiku. Sisi tu wazima, uzima wa watu waliochoka. Naandika kwenye karatasi kisha nakutumia picha, maana unamjua Mama: simu ni ya kujuliana hali, mambo ya nyumba huandikwa.

Jambo lenyewe ni hili. Nakimuli, aliyekuwa akinisaidia, mkataba wake umekwisha na amerudi kwao Uganda. Mwengine sijampata. Namwosha Mama mwenyewe, namlisha, nampandisha kitandani. Chai ya alasiri lazima itoke kwenye samawari, nami niwe nimevaa vizuri kama tunangoja wageni. Ana miaka themanini na mitano na bado ananirekebisha ninavyoshika kikombe. Goti langu la kulia halifai tena. Daktari anataka kulipasua tangu mwaka jana, kisha nikae nipumzike. Nikikaa, nani atasimama?

Mwalike Mama kwako, walau mpaka goti lipone. Nimechoka, Thani. Sina namna nyengine ya kulisema.

Dada yako,
Mastura


Mbweni, Unguja
21 Januari 2025

Dada Mastura,

Waalaikum salaam. Sote hatujambo, na Rahaf anakupa pole ya goti. Nilimwandikia Mama siku ile ile, kwa heshima zote, nikamwita Khanum, kama waitwavyo mabibi wa Kiajemi, vile anavyopenda. Jibu lake alikutamkia ukaliandika wewe, kwa hiyo unalijua: "Ahsante mwanangu, nna raha zangu hapa, msijisumbue."

Basi nifanyeje? Mtu mzima kasema hataki. Au nije mwenyewe huko, wiki mbili tatu nikupokee? Sema tu.

Nduguyo,
Thani


Bawshar, Maskat
2 Februari 2025

Thani,

Assalam alaikum, na natumai barua hii inakukuta salama. Mimi mzima, goti ndiyo hivyo. Hilo la kuja wewe usijisumbue, una kazi zako.

Lakini wewe ni mtoto wa nyumba hii au tulikuokota sokoni? Umesahau tulivyolelewa? Bibi yake Mama aliletwa Unguja kutoka Shirazi, binti wa watu waliokuwa wakitawala mji mzima, akaja na watumishi wake na adabu zake. Watumishi walikwisha, adabu zikabaki, na zote zimeniangukia mimi hapa Bawshar. Kwa watu wale, ukialikwa mara ya kwanza unakataa. Mara ya pili unakataa. Mara ya tatu ndiyo unajibu. Wewe umemwalika mara moja, kama unayemwita jirani aje kunywa soda, ukaridhika na "ahsante".

Mwandikie tena. Kisha tena. Ya tatu atakuja, utaona. Nakuomba.

Dada yako,
Mastura


Mbweni, Unguja
24 Aprili 2025

Dada Mastura,

Assalam alaikum. Vipi goti baada ya kupasuliwa? Unakanyaga? Mwili wa Mama haujambo. Nimekuwa nikikuandikia hivyo hivyo tangu alipokubali mwaliko wa tatu nikaja kumchukua, na leo naona haitoshi.

Kila alasiri anavaa vizuri, anakaa sebuleni karibu na mlango, mkoba mapajani. Anakula kidogo. Mvua inanyesha tangu asubuhi na kuta zina unyevu. Ukimuuliza chochote, jibu ni moja: "Vizuri sana, ahsante." Amekuwa mgeni wangu, Dada. Mama yangu mzazi ananishukuru kwa glasi ya maji.

Jana Rahaf alimbembeleza mpaka akasema. Nakunukulia: "Mara ya kwanza nilikataa kwa adabu. Mara ya pili nilikataa kwa kweli. Ya tatu haina kukataa, mwanangu. Ukimkatalia mtu mara ya tatu ushamvunjia heshima, na Thani ni mwanangu. Na barua zile nazijua, maneno yale ya Mastura. Nikaona kachoka, nimpishe."

Nilimuuliza kama nimrudishe. Akasema, "Kama nimekuchosheni." Nilimwalika ulivyonifundisha, na naona nimemteka.

Nduguyo,
Thani


Bawshar, Maskat
5 Mei 2025

Thani,

Waalaikum salaam. Nakanyaga, kwa fimbo. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyonifaa.

Sitakudanganya. Mlipoondoka nilifurahi. Nililala mpaka jua linapanda, nikanywa chai ya majani ya pakiti kwenye bilauri, nimevaa kanga, miguu juu ya kiti. Uwanja wa ndege Mama alinishika mkono akaniambia, "Pumzika." Nilidhani ananiaga tu. Kumbe alijua kila kitu, nami nilizitumia adabu zake mwenyewe kumtoa nyumbani kwake.

Nataka kumwita arudi na siwezi. Nikimwita mara moja atakataa. Nikimwita mara tatu atakuja, na sitajua maisha kama kaja kwa kupenda au kwa kuniheshimu. Na nikisema kweli yote, naogopa pia kuchoka tena. Labda aombe mwenyewe. Lakini Mama hajapata kuomba kitu mbele ya mtu. Kwao kuomba ilikuwa kazi ya watumishi.

Mfunike vizuri, anahisi baridi haraka.

Dada yako,
Mastura


Mbweni, Unguja
29 Mei 2025

Dada Mastura,

Assalam alaikum. Hatujambo, mvua imepungua.

Leo alasiri Rahaf alimpelekea Mama kikombe cha chai. Mama akakisukuma pembeni, akasema, "Namtaka Mastura."

Rahaf alidhani anataka mpigiane, akampa simu. Mama akairudisha: "Simtaki kwa simu." Kisha akajifunika uso kwa mtandio wake mpaka Magharibi. Nadhani aliona haya.

Hakusema anataka Maskat. Hakusema anataka nyumba yake. Nimekuandikia alivyosema, sikuongeza.

Nduguyo,
Thani


Bawshar, Maskat
30 Mei 2025

Thani,

Waalaikum salaam. Nakuja Alkhamisi. Goti bado, na usingizi wote niliolala miezi hii haukunitosha. Tutarudi huku sote wawili nikishaweza kumshika mkono kwenye ngazi. Na wewe na Rahaf mtakuwa mnakuja kushika zamu. Hilo sikualiki, nakwambia.

Mama akisema nisijisumbue, usiniletee maneno hayo. Usimwambie kuwa nimelia. Mwambie bado nimechoka, hilo analijua, na nakuja hivyo hivyo.

Dada yako,
Mastura