Angalia Gundi Kwanza

Irving, Texas
Machi 9

Mpendwa dada yangu, Akka Sujatha,

Kabla hujasoma, angalia gundi ya bahasha. Nimeipaka mara mbili. Haya, sasa pokea salamu zangu. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Na shemeji bado anagombana na televisheni? Mimi mwili mzima, ila roho haijatulia kwa miezi mitano sasa.

Unajua viza yangu ya kazi ilifika mwisho, kampuni ikaniombea nyongeza ya miaka mitatu. Ukingoja jibu unaendelea na kazi. Ukikataliwa unafunga virago. Phani, ninayeishi naye na kufanya naye kazi, aliombewa wiki ile ile. Ndipo nikaanza kumtilia shaka. Kila jioni aliniuliza, "Vipi mdogo wangu, karatasi imetoka?" Yangu inamhusu nini? Akipigiwa simu alitoka kibarazani na kufunga mlango. Niliacha hata kula mchuzi wake wa sambar, na anaupika kukushinda wewe, usikasirike.

Kisha mkaguzi wa uhamiaji akazuka ofisini bila taarifa. Akanihoji mimi kwanza: nafanya kazi gani, bosi wangu nani, meza yangu iko wapi. Nikasema basi, Phani amenichongea.

Mwezi jana ilikuja bahasha ya wakili yenye jina la Phani. Niliifungua kwa mvuke wa birika. Alikuwa amekataliwa, kwa sababu hafanyii kazi mahali palipoandikwa kwenye maombi yake. Nikairudishia gundi, nikaiacha mezani. Aliisoma amesimama, akaniambia nisitishike, yangu itapita. Ndipo akaniambia kwamba kwenye zile simu za kibarazani alikuwa akizungumza na mama yake, akimdanganya kuwa mambo ni shwari. Hakutaka nimsikie akidanganya.

Yangu ilipita Jumanne. Phani alipika payasam tamu ya maziwa, akafurahi kuliko mimi. Akaniuliza kama nimeshatimiza nadhiri kwenye lile hekalu ulikonipeleka kuzunguka mara kumi na moja kuomba viza. Nikamwambia sijapata likizo. Akaapa kwamba akifika tu huko nyumbani atanizungukia ile mizunguko mia na minane ya shukrani, kwa miguu yake mwenyewe.

Akka, mkaguzi hakuniuliza lolote kuhusu Phani. Nilimwambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba Phani anafanyia kazi chumbani kwetu tangu Agosti. Nilitaka nimwahi kabla hajaniwahi. Naona aibu, na mdomo wangu umeshindwa kumwambia.

Aliyekukabidhi barua hii ndiye Phani. Usimwache aende hekaluni. Mkaribishe, mpe kahawa, halafu mpe hii aisome mpaka mwisho. Atakalosema, niandikie kama lilivyo.

Mguse Mama miguu kwa niaba yangu. Gundi utaikuta kama nilivyoiacha. Yeye hafungui barua za watu.

Mdogo wako,
Sreekar