Mstari wa Mia na Ishirini

Gasenyi, Bujumbura, 2 Februari 2025

Tonton Adolphe,

Amahoro. Huku tuko salama, ila mgongo wa Mama unamsumbua tangu mvua zianze. Nairobi umeizoea?

Kwenye kituo cha vijana tumeingia wiki ya tatu ya Python, lugha ya kompyuta. Nataka kuandika programu ya korongo letu. Tumefunga kipimo cha maji chini ya daraja. Maji yakipanda, nyumba ishirini na tatu zipate ujumbe kwenye simu. Namfikiria zaidi jirani yetu, Bibi Moza. Ana miaka sabini na moja, anatembea kwa fimbo, na ukuta wake uko hatua nne kutoka ukingoni. Mwanawe Moosa anamwomba ahamie kwake Buyenzi. Anamjibu: «Mi nihame juu ya mvua? Ihame yenyewe!» Asipoambiwa mapema hatafika barabarani.

Nifundishe masharti.

Mtoto wako,
Mélissa

Nairobi, 8 Februari

Mwanangu Mélissa,

Nimefurahi kwamba mko salama. Mwambie mama yako, dada yangu, akandwe kwa maji ya moto.

Sharti ni swali la ndiyo au hapana. Neno if ni «kama». Elif ni «au kama». Else ni «isipokuwa hivyo». Mwisho wa swali weka nukta mbili, na agizo lake liingie ndani nafasi nne. Kompyuta haikisii ulichokusudia, inafuata ulichoandika. Ukimaliza, nitumie nikague. Usiiwashe kabla sijakujibu.

Tonton wako,
Adolphe

Gasenyi, 15 Februari

Tonton,

Hujambo na kazi? Sisi wazima. Programu ndiyo hii. Kina ni kwa sentimita:

if kina > 50:
    tuma("Muwe macho.")
elif kina > 120:
    tuma("Tokeni sasa hivi.")
else:
    print("Shwari.")

Nimeijaribu kwa 30, ikasema shwari. Kwa 70, ikatuma. Jina la kwanza kwenye orodha ni Bibi Moza. Nasubiri jibu lako.

Mtoto wako,
Mélissa

Gasenyi, 28 Februari

Tonton,

Naomba isiwe ugonjwa uliokunyamazisha. Mvua ni ya kila siku, na majirani wananiuliza naogopa nini. Jana niliiwasha. Maji yalifika 58, ujumbe ukaenda. Bibi Moza peke yake alijibu: «Niko macho, mutoto yangu. We pia usilale darasani!»

Ukiona kosa, niambie.

Mtoto wako,
Mélissa

Gasenyi, 12 Machi

Tonton,

Mama anakusalimu.

Jumatano tarehe 5, saa nane na dakika kumi mchana, kipimo kilisoma 64. Ujumbe ukaenda: Muwe macho. Saa nane na dakika thelathini na tano kilisoma 143. Ujumbe ukaenda: Muwe macho. Bibi Moza alijibu: «Niko macho. Nimekaa mulangoni, naangalia.» Saa tisa kasoro dakika kumi ukingo ulianguka na nyumba yake. Wengine walikuwa wametoka wenyewe, kwa kusikia ngurumo ya maji. Yeye alipatikana kesho yake, akazikwa siku hiyo hiyo.

Nilifungua programu. 143 imezidi 50. Swali la kwanza lilipata ndiyo, na kompyuta haikuteremka hadi la pili. Mstari wa 120 haukuwahi kusomwa. Nimeupandisha juu.

Moosa alikuja kunishukuru. «Angalau we ulimwambia mama.» Nikamsindikiza hadi barabarani.

Jana mvua ilirudi, kipimo 55. Kwa namba ya Bibi Moza simu yangu iliandika: ujumbe umefika. Najua Moosa ndiye anayetumia laini yake sasa. Najua. Hata hivyo nilikaa na simu mkononi mpaka mvua ikakatika, nikingoja anijibu.

Barua yangu ya tarehe 15 Februari uliisoma?

Mélissa

Nairobi, 20 Machi

Mwanangu,

Pole. Leo sina uso wa kukuuliza habari za afya.

Niliisoma tarehe 17 Februari, kazini. Kosa nililiona kabla chai haijapoa. Nilitaka kukujibu vizuri, kwa mifano, Jumamosi. Jumamosi wakaja wageni. Ulipoandika kwamba umeiwasha, niliona aibu ya kuchelewa, nikasema kesho. «Tanguliza 120»: maneno mawili yangetosha. Sasa yule bibi nisiyemjua namsikia ofisini, watu wakiongea, akisema yuko mlangoni.

Moosa usimwambie. Haitamrudisha mtu.

Tonton wako,
Adolphe

Gasenyi, 30 Machi

Tonton,

Mama hajambo.

Jana nilienda Buyenzi na kompyuta. Kwenye orodha niliacha namba moja tu, ya Bibi Moza. Nilimwonyesha Moosa mistari kama ilivyokuwa, nikaandika 143. Simu ya mama yake ikalia mezani. Akasoma: «Muwe macho.» Akasema: «Rudia.» Nilirudia mara tatu. Kisha nikatanguliza 120, nikaandika 143 ile ile. Simu ikalia; ujumbe huo hakuusoma kwa sauti.

Akauliza: «Kuna mwingine aliyejua?»

Nikamjibu: tonton wangu, tangu tarehe 17 Februari.

Hakupiga kelele. Aliomba namba yako, nimempa. Atakupigia Ijumaa baada ya swala, kwa laini ya Bibi Moza. Ikilia, pokea.

Mélissa