Walivyomfungua Ayeyo Mdomo

Jumanne. Joto la leo halina huruma, hata mbuzi wamejibanza ukutani. Lakini si joto lililonichafua moyo.

Walikuja wale watafiti wa watu walioishi sana. Wawili, wa chuo kikuu. Wanamtaka Ayeyo, bibi yake mume wangu, ambaye mtaa mzima unasema amepita miaka mia. Nilifurahi, sitaficha. Nilimwogesha, nikampaka hina vidoleni, nikamvalisha gauni jipya la dira. Shule niliishia darasa la saba, lakini niliwaza: labda wakijua siri ya damu yake, itamfaa binti yangu.

Shida ikawa umri. Kitambulisho chake kiliandikwa kwa kukisia, kama cha wazee wengi huku. Mwenyewe anasema alizaliwa ule mwaka ngamia waliisha kwa kiu.

"Hiyo siwezi kuandika, mama," akasema madam, yule mtafiti wa kike. "Nahitaji ushahidi."

Shemeji yangu, dalali wa ngamia sokoni, akadakia. "Ushahidi? Si uko mdomoni!"

Akamshika Ayeyo taya, akampanua mdomo kwa vidole viwili, vile wanavyokagua ngamia kabla ya kununua. "Angalia, madam! Meno yamelika mpaka kwenye ufizi. Wallahi huyu amepita mia!"

Watu wakacheka. Mwenzake madam akapiga picha.

Na tochi ya simu niliishika mimi.

Shemeji alisema, "Mulika, wewe," nikamulika. Niliona ulimi wa Ayeyo ukirudi nyuma kujificha, mate yakitiririkia dira nililolipiga pasi kwa mkono wangu. Alipoachiliwa alijifuta, akasema kwa Kisomali, "Umemaliza? Haya, taja bei."

Wakacheka tena. Walidhani ni utani.

Nimenawa mikono mara tatu. Nikiangalia vidole vyangu nasikia kinyaa.

Alhamisi wanarudi kuchukua damu. Shemeji ameshakubali. Ayeyo hajaulizwa na mtu.

Kesho, kabla ya chai, nitamuomba msamaha, halafu nimuulize: unataka? Akisema hapana, nitasimama mlangoni mimi. Shemeji atasema sina adabu. Na aseme.

Ninachoogopa ni Ayeyo kuninyamazia. Akininyamazia, nitakaa pale pale miguuni pake, na mtoto mapajani, mpaka aseme.